Ishirini na Tisa kwa Mia

Mvua ya mawe ilidumu dakika kumi na moja.
Fedha zake zilichukua miezi minane kufika.

Mimi ndiye karani wa dirisha la pili,
ofisi ya kilimo, kaunti ya Brandvold, Dakota,
kati ya duka la matairi na kanisa la Kilutheri.
Nimepokea fomu kutoka mikono ya kila namna:
yenye harufu ya dizeli,
yenye bandeji,
na ule wa mzee Torvald Ekern, usio na kidole cha shahada,
uliotia sahihi kama unaochimba shimo la nguzo.

Fomu inauliza: ekari ngapi, zao gani, hasara kwa mia.
Haiulizi kishindo juu ya mabati.
Haiulizi mahindi yalivyosimama kesho yake,
majani yamechanwa nyuzinyuzi,
kana kwamba aliyepita alikuwa anatafuta kitu
na hakukipata.
Haina mstari wa Inga Sorlie,
aliyeokota mawe ya barafu akayatia kwenye friza
ili serikali ikija ione.
Serikali ilikuja Septemba:
kijana mmoja, viatu vipya, kishikwambi mkononi.
Akafunguliwa friza. Akainama, akachungulia.
"Asante, mama," akasema, "picha inatosha."

Sheria ni fupi. Thelathini kwa mia, unalipwa.
Chini ya hapo, pole.

Shamba la baba yangu lilitoka ishirini na tisa.
Kalamu ilikuwa mkononi mwangu,
na kijana wa kishikwambi alikuwa amekwenda kunywa kahawa.
Baba alisimama upande wa pili wa kioo,
kofia ameivua, kama mgeni,
akanisoma uso kabla sijamsomea karatasi.
"Andika ilivyo," akasema.
"Nisije nikanyeshewa mara ya pili, na binti yangu."

Nikaandika ilivyo.

Machi orodha ikabandikwa ukutani, maana fedha ni za umma.
Watu walikuja kuulizia mbegu, shingo zikigeukia ukuta.
Juu kabisa, kampuni yenye jina la mto,
anwani yake ghorofa ya arobaini, Chicago:
dola laki moja na robo.
Maji hufuata mkondo.
Chini, karibu na pini ya mwisho, Inga Sorlie:
mia nne na kumi na mbili.
Alisoma kwa sauti, akarudia, akacheka mpaka akaketi.
"Friza imekula umeme kuliko hizi."
Jioni ile akayamwaga mawe yake kwenye tuta la vitunguu.
Angalau yamwagilie.

Jumapili nilikula kwa baba.
Alikuwa ameuza mitamba watatu; mbegu imo ghalani.
Hatukuitaja orodha.
Alishika kisu, akapima mkate kwa jicho, akakata,
na kipande changu kikawa kikubwa kuliko chake
kwa kiasi ambacho
sitakiandika popote.