Nusukaputi

Neno lenyewe, wanasema, waliliacha Wajerumani,
kama walivyoliachia jina lile jiwe la majini.
Kaputi: basi, kwisha.
Wazee wetu wakalipunguza makali, wakatanguliza nusu,
na kwenye hiyo nusu ndiko nilikoajiriwa.

Wanafunzi wangu husema mgonjwa amezama.
Nawakataza. Katika mji huu
neno hilo lina wenyewe,
na wenyewe hulitaja wakiwa wameketi.
Semeni amelala. Au semeni namba.

Mia ni mtu anayekuuliza viatu vyake viko wapi.
Sifuri ni ukimya tusiouendea.
Kati ya arobaini na sitini
pana tuta jembamba, kama lile la kupitia majarubani:
huku maji, huku maji,
na mgongoni umebeba mtoto wa mwenzio.

Kabla ya namba nilikuwa na vidole juu ya mshipa,
presha, jasho, mboni,
na imani kwamba asiyetikisika hasikii.

Nyanjige alirudi Alhamisi, wiki ya tatu,
mshono umekauka vizuri.
Hakuja kugomba. Alikaa ukingoni mwa kiti,
akapakata mkoba, akasema:

"Mlihesabu vitambaa. Mkafika kumi na moja,
mkapotea, mkaanza upya.
Daktari akasema sangara siku hizi kilo elfu saba.
Mmoja akacheka puani.
Mimi nauza Mwaloni, mwaka wa kumi na nne huu.
Si saba. Ni tisa na mia tano.
Nilitaka kuwaambia.
Nikatafuta mdomo, sikuupata.
Nikatafuta kidole, hata cha mguu,
kilikuwa cha mtu mwingine.
Hapo ndipo nikausikia mkono ndani yangu,
unapapasa, kama mgeni anayetafuta chumvi
kwenye kabati la watu."

Akanyamaza. Akafunga zipu ya mkoba, akaifungua.

"Saa ile, dada, nilikuwa wapi?"

Nilikwenda kulitafuta faili.
Saa nne na dakika ishirini, mapigo sabini na nane.
Saa nne na nusu, mia moja kumi na nane.
Mwandiko wangu, mzuri, wa kalamu ya bluu.
Pembeni: *aongezwe maji.*
Alikuwa akipiga hodi kwenye mlango pekee uliobaki,
nami nikazihesabu hodi,
nikaziandika kwenye kisanduku chake,
nikapiga mstari kwa rula.

Sasa tunayo mashine, moja, ukubwa wa redio ya mkulima.
Ukanda wake hubandikwa kwenye paji la uso
na ankara yake humfanya mhasibu avue miwani.
Kanda zikiisha narudi kwenye mboni, kwenye jasho,
kwenye lile chozi moja linalopenya chini ya plasta
ambalo zamani nililifuta kwa pamba
kama mtu anayepangusa meza.

Nimepiga marufuku habari za bei mle ndani.
Umeme ukikatika, kabla jenereta haijakohoa,
nainama sikioni:
Ni Advera. Nipo. Tumefika katikati.
Daktari mgeni aliniuliza naongea na nani.
Nikamwambia, na ile nusu.

Jumamosi hupita Mwaloni.
Nyanjige hunijazia kopo la dagaa hadi linamwagika,
anazoa zilizoanguka, ananiongezea na hizo.
Jibu lake bado sina.
Kisha, bila kuulizwa, ananitajia bei ya sangara:
ya jana, ya leo asubuhi, ya sasa hivi,
mzima, minofu, kichwa peke yake.
Jua linachoma, mfuko unachuruzika.
Nasimama pale pale
mpaka amalize.