Tundu la Ufunguo

Mwalimu Kapya alituzimisha tochi kwanza.
"Zoeeni," akasema. Tukalizoea giza.
Kisha akawasha yake, akaielekeza juu:
dari la mviringo, laini kama ndani ya chungu.

"Maji yakijaa hayachagui upande.
Yalikula juu, yakala chini, yakala mbavuni.
Hapa hapakuwa na hewa hata ya mbu kupumua."

Akashusha mwanga.
Chini ya duara, ufa mrefu, mwembamba,
umekatwa wima kama kwa msumeno.
"Hapa yalishuka. Yakapata hewa juu yake,
yakawa mto tu, mtumwa wa mteremko,
yakang'ata sakafu peke yake."

Tundu la ufunguo, nikaandika,
na ncha ya penseli ikavunjika.

Numbi alipapasa ukuta: vijishimo, vijishimo,
kama alama za kijiko kwenye bukari iliyopoa.
Vidogo: maji yalikimbia.
Vikubwa: yalitembea, kama watu watokao msibani.
Ukingo mkali hutazama yalikokwenda.
Tone lenyewe hatukuliona.

Nikarudi Katuba jioni, viatu vyekundu.
Mama kapanga bidoni mbele ya bomba
ambalo tangu Jumanne halijakohoa.
Nikaenda nyuma ya jiko, nikachungulia kisima chetu.

Juu ni kipana: hapo alichimba baba
mwaka niliozaliwa. Maji yalimfika kiunoni, akacheka,
akaomba sabuni.
Halafu kinabana: hapo Mwilambwe,
siku tatu, na kidole kilichopondwa.
Chini kabisa, upana wa mabega ya mtoto,
hapo Kaumba wetu, aliyeteremshwa kwa kamba
Oktoba ile, na Oktoba iliyofuata,
akipandisha ndoo za udongo, kisha za mawe.
Wengine husema ni mvua. Wengine, pampu za mgodi
zinazonguruma usiku kucha ng'ambo ya vichuguu.
Mimi sijui. Najua umbo.

Nikamulika: duara, kisha ufa.
Nikaita jina langu.
Lilichelewa kurudi kuliko mwaka jana.

Atakuja mtu, miaka elfu kumi, na taa yake,
aseme: hapa maji yalisimama, hapa yalishuka.
Atakuwa amesoma vizuri.
Ile sabuni hataiona.

"Huko pangoni mmeona maji?" mama akauliza.
"Tumeona yalipokuwa."
Akanitazama kidogo,
akanikabidhi bidoni mbili.