Nukta Chini ya Ukosi

Siku ya ukaguzi majaketi hutembea.
Mimi nilikuwa miguu yake.
Miaka kumi na mitatu, kaptura ya shule,
mgongoni mzigo wa rangi ya chungwa
ulionuka petroli na jasho la harusi za watu.
Natoka boti ya Bunu, mbio hadi ya Shosi,
kutoka ya Shosi hadi ya mjomba Lali,
nikipenya nyuma ya vibanda vya gati la Mokowe
Serikali isinione.

Boti za kukodi kumi na moja.
Majaketi kumi na mawili.
Hesabu hiyo mwalimu hakutufundisha,
na kila Januari ilitoka sawasawa.
"Sheria ni mgeni," mjomba akisema,
"mlishe, umsindikize, urudi kazini."

Mwaka ule akaja Bi Mwanakheri,
viatu vya mpira, daftari la kunakilia,
kalamu nene kaichomeka kwenye mtandio.
Soda aliyoletewa ilipoa, ikapata moto tena juani.
Akauliza yasiyowahi kuulizwa:
kizimamoto kilijazwa lini,
taa ya kijani iko wapi, mbona nyekundu ziko mbili,
na kamba hii ya kuzimia injini,
kwa nini imefungiwa chupa ya maji
wala si mkono wa nahodha?
Bunu akacheka. "Bibi, mimi na injini hii twajuana."
"Injini haimjui mtu," akasema, akiandika.

Sikumwona alipokuwa akikunja ukosi
wa kila jaketi alilolihesabu, akitia nukta.
Kwa Bunu nukta.
Kwa Shosi nukta.
Kwa mjomba Lali akakunja ukosi, akakuta mbili,
akatia ya tatu, zikakaa kama mafiga.
Kisha akainua uso, akampita mjomba kwa macho,
akanitazama mimi nyuma ya masanduku ya barafu,
nahema.

"Ndoo, mwanangu. Vaa hili."

Maji yalikuwa yamejaa, ngazi tatu tu zaonekana.
"Waogelea?"
"Naogelea."
"Basi usiogelee. Tulia."

Nikatulia.
Jaketi likaanza kunywa
kama mkate unavyokunywa chai,
polepole, bila kelele, kwa raha zake.
Ndani yake mlikuwa na sponji ya godoro;
shangazi yake Shosi ndiye aliyelishona upya,
mshono mzuri, uzi mara mbili.
Mabega. Kidevu. Chumvi mdomoni.
Juu yangu watu wazima kumi na wanane
walikuwa wakihesabu kitu, kila mtu chake.
Mkono ulionidaka ukosini ulikuwa na wino.

Hakupiga kelele. Hakuita askari.
Aliandika neno moja mara kumi na moja:
Isitoke.

Harusi ya Matondoni ikachelewa hadi alfajiri.
Mpishi na biriani lake walilala gatini.
Wakamlaani, wakasema katumwa na wenye feri,
kaja kufunga riziki za watu kwa kalamu.
Mjomba hakunisemesha hadi Ramadhani,
na aliponisemesha, akiwa na tende mkononi,
alisema haya tu:
"Ungepiga mguu kidogo. Kidogo tu. Nani angejua?"

Leo nina boti mbili na leseni ukutani.
Sijidai. Maulidi iliyopita
abiria wa kumi na tatu alikuwa ajuza mwenye kikapu,
jua linazama, hakuna boti nyingine,
na nilisimama pale kwa muda mrefu
kuliko inavyopaswa mtu mwenye leseni.
Alipanda mjukuu wangu akashuka.
Hilo nalo si jibu, najua.

Lakini kila Januari, kabla hawajaja wakaguzi,
huzishuka ngazi zile na majaketi yangu yote,
moja baada ya jingine, navaa, naingia.
Watoto wa gatini hucheka: mzee aoga na nguo.
Shingo ikibaki kavu, nalitia nukta.
Isipobaki, nalichana kwa kisu hapo hapo.

Na kila mara, nikiwa nimetulia,
mguu hutaka kupiga.
Nauzuia.