Matobolwa, Jaribio la Tatu

Juni imeingia Tabora bila hodi,
imeketi kwenye ndoo za maji nje ya mlango,
imeshika vitasa, imelala juu ya bati,
na leo asubuhi nimenawa uso
nikahisi nimezabwa kofi na mtu ninayemfahamu.

Shule zimefungwa. Chaki imenitoka vidoleni.
Hakuna wa kumuuliza thamani ya x.
Nimejifunga khanga mbili, nikavaa sweta la Mlekwa
lililotoboka kiwiko,
nimeingia jikoni na kuusukuma mlango kwa kisigino.

Kwenye kapu kuna matobolwa ya jirani yangu Nyanzala,
viazi vilivyochemshwa, vikakatwa,
vikaanikwa juu ya jabali kwao Sikonge,
vigumu kama kokoto, rangi ya kiatu cha zamani.
Sisi huyaloweka, huyachemsha, huyala na karanga, basi.
Mama hakuwahi kuyafanya zaidi ya hapo
na hakuna aliyelalamika.

Lakini baridi hunifanya mdadisi.
Oktoba, jua likiwaka, napika wali na maharage
jicho likiwa kivulini.
Kipupwe ndicho huniuliza: je, ukiyatwanga?
Je, ukiyatia tangawizi?

Jumatatu nilitwanga, nikachekecha,
nikakoroga unga kwa tui la karanga,
nikatia uyoga mkavu. Sijui shetani gani alinituma uyoga.
Kalunde alionja, kijiko kikabaki hewani,
akasema kwa adabu yote ya mtoto wa miaka sita:
"Mama, hii ni ya kula au ya kupaka?"
Mlekwa alicheka hadi akapaliwa.
Tulikula mkate.

Jaribio la pili liliungua. Sitaki kulizungumzia.
Sufuria bado imelowekwa uani,
kuku huichungulia, huenda zao.

Leo nimeandika nyuma ya daftari la Hesabu,
chini ya majina ya wanaodaiwa michango:
unga wa matobolwa, vikombe viwili;
tangawizi, urefu wa kidole, kidole changu;
iliki tatu; chumvi ya kuonea aibu;
asali ya msituni, ile nyeusi inayokwaruza koo;
makaa yaliyokwisha hasira.
Mama alipima kwa kiganja.
Nimejaribu kukigeuza kiganja chake kuwa gramu,
hesabu imekataa.

Mvuke umepanda, kioo cha dirisha kimefifia,
Kalunde amechora juu yake ng'ombe wa miguu mitano.
Mara mlango umesukumwa. Ni Mlekwa,
ambaye jioni zote ni za redio na sebule,
ameingia na kigoda mkononi, redio kwapani,
akisema amefuata joto tu, asifikiriwe vingine.
Kisha Nyanzala, anaazima kiberiti.
Kiberiti amepewa. Hakuondoka.
Watu wanne katika jiko la kupishana kwa ubavu,
magoti yanagusana,
na kule stesheni treni ya Mpanda imepiga honi
ndefu, kama mtu anayepuliza chai.

Uji umekuwa mzito, unatoa mapovu ya uvivu,
puu, kimya, puu.
Nyanzala ameonja, viazi vyake mwenyewe, hakuvitambua.
"Hiki nini?"
Nimemwambia bado hakina jina.
"Kitie ndimu," amesema,
huku akilisogeza bakuli lake karibu na mwiko.

Ndimu. Sikuwa nimeifikiria ndimu.
Nimeiandika, na alama ya kuuliza.

Nje, baridi imerudi kwenye ndoo zake
kuusubiri uso wangu wa kesho.
Humu tumekumbatia mabakuli kwa viganja,
uji umeshapoa, tunakwangua taratibu,
kwa sababu ukiisha lazima mtu ainuke
akaoshe vyombo,
na kila mmoja anamtazama mwenzake.