Kisahani cha Tisa

Saa kumi na mbili na robo, Ngarenanyuki.
Nanyaro amemaliza kupiga dawa
mistari kumi na minne ya nyanya,
sasa anasuuza bomba mferejini
ingawa nimemkataza mara mbili.
Dawa, tunasema. Kwa adabu tu.

Nina visahani tisa vya kioo,
mzani wa betri unaotetemeka nikipumua,
daftari lenye doa la chai ya jana.
Vinane nimevipanga kati ya miche,
vimelowa dawa ileile.
Cha tisa kikavu, nimekiweka mbali,
ukingoni kwa kina Mama Elinami,
kiwe shahidi asiyehusika.

Kitabu cha kwanza kinasema haipai.
Cha pili: inapaa, tena kwa pupa,
namba yake mara mia ya ile.
Cha tatu kimenakili cha kwanza
kikaangusha nukta njiani.
Na wote walipima chumbani,
nyuzi ishirini, madirisha yamefungwa,
hakuna jani, hakuna jasho la jani.

Hapa, kufika saa nne, udongo unachoma nyayo.
Upepo wa Meru unashuka bila hodi.
Napima kila nusu saa.
Cha pili kimepungua. Cha tano kimepungua zaidi.
Cha sita kimeingiwa na sisimizi;
namfuta kwenye hesabu, kisha namrudisha,
maana naye alikuwepo.

Mama Elinami hana mzani.
Ameanika sare za shule upande upepo unakoelekea,
ananusa kola moja,
anaanua zote zikiwa mbichi.
"Leo imeamka mapema," anasema,
kama anayemsema mlevi wa jirani.
Nayaandika maneno yake pembeni mwa jedwali,
kwa kuwa jedwali halina safu ya pua.

Bosi wangu mjini Arusha anataka namba moja.
Isiyo na "labda", isiyo na "kati ya".
Nitampa kati ya.
Nitampa mbili, zilizoachana kama kingo za korongo,
na chini yake, kwa kalamu nyekundu:
afadhali tukosee kwa kuogopa,
siku tatu watoto wazunguke kwa juu.

Jioni nakusanya vyombo.
Kile cha tisa, kikavu, ambacho hakuna aliyekigusa,
kimeongezeka uzito.

Vumbi, huenda. Umande bado.
Nakipima tena,
nimebana pumzi.