Mfukiaji

Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne,
damu yangu hutoka nje kutembea.
Hupita mpirani, huingia kwenye mashine,
hurudi imetakata
kama mtoto aliyeogeshwa kwa nguvu.

Nilimuuliza muuguzi Candiru figo hufanyaje kazi.
Akachora nyuma ya kadi yangu ya kliniki:
mrija mnene unaokuja umejaa,
kisha matawi, kisha nywele za matawi,
na kila kipitacho kinakaguliwa.
Chumvi, rudi. Sukari, rudi. Wewe, nenda.
"Siri yake," akasema, "ni kutokuwa na haraka."

Niliutazama mchoro ule nikaujua.
Sikuusoma shuleni. Niliuendesha.

Ni Nakivubo. Ni ule mtaro unaoshuka
na oili ya gereji za Kisekka,
na damu ya machinjio, na mkojo wetu sote,
hadi kwenye mafunjo nyuma ya Bugolobi,
ambako ulikuwa unasambaa, unapotea,
unahojiwa na mizizi
kabla ya kuruhusiwa kuingia ziwani.

Miaka kumi na mmoja nilimwaga udongo pale.
Isuzu, tani saba, taa zimezimwa,
safari tatu kabla ya adhana ya alfajiri.
Bosi alilipa kwa safari, si kwa swali.
Funjo halilii linapofukiwa,
hutoa mlio mdogo tu,
kama mtu anayekalia kiti cha zamani.
Kukicha, kaloli wamesimama juu ya kifusi,
wakaguzi wasio na kalamu.

Sasa pana ghala la magodoro pale,
na ukumbi wa harusi.
Binti wa dada yangu aliolewa humo.
Nilicheza hadi viatu vikaniuma.

Mashine hii inakunywa maji, inakunywa tu.
Leo nimeuliza yanatoka wapi.
"Gaba," akasema Candiru, akikinyamazisha king'ora.
Ziwani. Ghuba ileile.

Waliosema mchimba kisima huingia mwenyewe
hawakutaja lolote kuhusu mfukiaji.

Nje mvua imeanza, ile ya matone mazito,
na Namuwongo watakuwa wanapandisha vitanda juu ya matofali.
Mkononi, pale madaktari walipounganisha mishipa,
ngozi inatetemeka
kama nyasi zenye maji chini yake.
Namwambia Candiru aguse.
Anagusa kwa vidole viwili, ametazama dirishani.
"Inapita," anasema. "Bado inapita."