Harufu ya Uzi

Kidonge cha kwanza nimekitia mfukoni,
gramu arobaini tu, nyeupe ya maziwa yaliyoenguliwa,
uzi ambao miezi mitatu iliyopita ulikuwa shuka
la wodi namba sita, hospitali ya Kuusiharju,
na kabla ya shuka ulikuwa pamba
ya shamba nisilolijua, lililokunywa mto wa watu.

Tuliyachana mashuka kwa mikono, mimi na Osku.
Kwenye pindo moja tukakuta jina
limetariziwa kwa uzi mwekundu: Aune K.
Osku akanyamaza. Kisha akalitupia pipani na mengine.
Kiyeyushi hakisomi majina.
Huzunguka taratibu, kwa joto lisilofika la chai,
mpaka wote wawe kitu kimoja, kizito kama asali ya baridi,
nasi tunakisukuma kupitia kichwa cha dhahabu
chenye matundu membamba kuliko unywele,
na chini yake, ndani ya maji,
mvua nyeupe inanyesha, haikatiki.

Babu yangu Taavetti aliiona mvua hiyo hiyo.
Ila yeye aliiona kwa machozi,
maana katika ukumbi ule salfa na kaboni
zilikuwa zimeshikana mikono hewani,
na zamu ilipokwisha wanaume walinuka kabichi iliyooza.
Walikaa saunani wakijichapa matawi,
harufu haitoki, ilishahamia ndani.
Waliuita hariri, uzi ule.
Wanawake wa Helsinki waliuvaa wakacheza tango.
Taavetti akaanza kuona wageni jikoni.
Aliwamiminia kahawa, kikombe kwa kikombe, ikapoa.
Usiku mmoja akamwuliza bibi Hilma:
Wewe ni nani, uliyevaa uso wa mke wangu?

Siku hizi mimi ndiye nisemaye "kesho" mikutanoni.
Naonyesha michoro: hapa kiyeyushi kinarudi, karibu chote,
na tone linalopotea tunalisaka
kama sindano iliyoanguka zuliani penye mtoto atambaaye.
Wenye fedha hulipapasa shati la mfano.
Laini, wanasema. Huuliza bei.
Mikono hurudi mifukoni.
Bwana Kettunen ametuambia mitambo itazimwa Februari
asipopatikana mnunuzi;
jengo jipya, madirisha yote yana kioo,
limesimama kama bwana harusi aliyekwisha kuvaa
na gari halijaja.
Na bandarini yanashushwa mashati ya bei ya mkate,
huvaliwa mara nne.

Sijui.
Huenda uzi huu ukamsitiri kila mtu,
huenda ukaishia kwenye kabati la kioo na kijikaratasi.
Wapo wanaosema matambara ya nini, miti ipo, kateni.
Niliwahi kusimama palipokatwa, juu ya kilima chetu:
visiki, theluji,
na kimya kisichokuwa na pa kutua.

Jumapili nikaenda kwa bibi Hilma.
Macho yake yalishaondoka, mikono imebaki.
Nikamwekea kidonge kiganjani
nikasubiri vidole vifanye kazi yao,
vidole vilivyofuma soksi za ukoo mzima.

Hakukipapasa.
Alikipeleka puani.
Akavuta pumzi, akashusha, akavuta tena,
akipita humo chumba hadi chumba
kama mtu anayemtafuta asiyetaka kumkuta.
Muuguzi alikuja na vidonge vya jioni,
akasimama mlangoni, akaelewa, akangoja.

"Haunuki," bibi akasema.

Alikaa nao kifuani muda mrefu,
kisha, kwa sauti ya kuagiza chumvi,
akaniambia niende nyumbani kwake,
rafu ya juu, kwenye mkebe wa kahawa,
nimletee sindano zake, zile namba tatu.